Banda la nje la simbilisi 12: sakafu iwe ya nini?

Wakuu, nataka kujenga banda la nje huku Njombe. Simbilisi 12: madume 2, majike 10. Sakafu niweke wavu ili kinyesi kidondoke?

Jibu 1
Wavu hapana, mkuu. Nyayo zao hazina manyoya. Zinachubuka, zinavimba, zinatunga usaha. Vitoto ndiyo kabisa, mguu unanasa na kuvunjika. Piga mbao zilizorandwa, mwaga maranda makavu sentimita 5. Huwa wanachagua kona ya kukojolea: hiyo badilisha kila siku.

Vipimo: mita 2.4 kwa 1.2, gawanya katikati, kila chumba dume 1 na majike 5. Ukichanganya madume watararuana. Miguu ya banda sentimita 80, kila mmoja ndani ya kopo lenye oili chafu, la sivyo siafu watawamaliza usiku mmoja.

Jibu 2
Naongezea. Mbele usiweke wavu wa kuku, mbwa anauchana na panya anapenya. Tafuta wa kuchomelea, matundu nusu inchi, upigilie kwa misumari ya U kila sentimita 5. Kwa baridi yenu ziba pande tatu kwa mbao. Boksi la kulalia liwe na milango miwili. Ukiweka mmoja, mbabe anaukalia.

Muuliza swali
Mvua ikijaza makopo je?

Jibu 1
Oili inaelea, inamwagika, siafu wanavuka. Bati litokeze sentimita 30 kila upande, na miguu iingize ndani kidogo.