Kumbe paramesiamu anakata DNA yake na kuitupa? Waliosoma bailojia njooni

mwl_bailojia
Wakuu habari za jioni. Mi nafundisha sekondari huku Mwanza, wiki iliyopita nilichota maji ziwani kule Kirumba kwenye magugu, nikatumbukiza majani makavu kwenye chupa nikaacha siku tano, leo kuweka tone kwenye hadubini paramesiamu, vijidudu vya seli moja, wamejaa kama ndala zinaogelea, darasa zima likagombania. Kijana mmoja akauliza mbona wana viini viwili, kikubwa na kidogo. Usiku kujisomea ndo nakuta kiini kikubwa kikitengenezwa upya DNA nyingine inakatwa makusudi inatupwa. Sasa wajukuu watarithi nini?? Na anajuaje akate wapi? Kesho huyu dogo atanisubiri mlangoni.

minofu_na_mapanki
Mwalimu chukulia sangara. Kiwandani minofu inaenda huku mapanki kule. Kiini kikubwa ndo minofu, kinaendesha kazi za kila siku za seli. Kiini kidogo ni samaki mzima yuko kwenye barafu hajaguswa, wakijamiiana huyo ndo anarithishwa, na kiini kikubwa cha zamani kinakufa.

Ngosha_wa_Igoma
Mfano mtamu ila mapanki si tunakula bwana, hiyo DNA inavunjwavunjwa inaisha. Nyingi ni transposoni na mabaki yake, vipande vinavyohamahama na kujipachika popote. Jamaa zake wako hivi, Tetrahymena anatupa kama theluthi, Oxytricha zaidi ya 90% na jeni zake nyingine zimevurugwa mpangilio mpaka azipange upya. Paramecium tetraurelia ana vipande kama 45,000 vya kukata, vingi viko katikati ya jeni, ukipitiliza hata herufi moja jeni imekufa.

mwl_bailojia
Hapo kwa wajukuu nimekuelewa. Bado anajuaje??

dada_pipeti
Shikamoo mwalimu. Anakagua kwa kulinganisha na kiini kikubwa cha mama, yaani seli ya zamani. DNA ya kiini kidogo inanakiliwa kuwa RNA fupifupi, zinapitishwa kwenye kiini kikubwa cha zamani kabla hakijafa, zinazokuta pacha wao mle zinazuiwa, zilizokosa pacha zinaenda kiini kipya kuonyesha kata hapa. Oxytricha yeye kinyume, RNA zake zinaonyesha cha kubakiza. Na mkasi wenyewe ni kimeng'enya kilichotokana na transposoni, yaani mwizi kaajiriwa ulinzi.
Ndo maana tetraurelia wana aina mbili za kujamiiana, E na O, na mtoto anafuata ya mama. Kwa O kile kipande cha kuwasha jeni ya mtA, inayomfanya awe E, kinakatwa, mama hana basi na mtoto anakatiwa, wakati kwenye kiini kidogo kipo kizima kabisa.

mwl_bailojia
Marahaba mwanangu. Hiyo ya E na O ndo naanza nayo kesho.

Ngosha_wa_Igoma
Mwalimu, kwenye magugu uliingia na gambuti lakini? Kichocho hakijui cheo.

mwl_bailojia
Nilikuwa juu ya jiwe, na ndoo ya kamba.