Mrejesho: bwawa la koi na baridi ya Minneapolis

Wapendwa, niliuliza nifanyeje bwawa langu la koi, wale samaki wa mapambo, lisigande lote. Samaki wazima! Aliyesema niachane na barafu yote, nilinde tundu moja tu, Mungu akubariki sana. Hita inayoelea imeacha uwazi wa kutosha hewa chafu kutoka, ingawa pembeni barafu ni ngumu kama sakafu. Jiwe la pampu ya hewa, lile linalotoa mapovu, nimelipandisha juu, maana maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito, hutulia chini, na samaki wamejikalia humo humo, sitaki kuyavuruga. Chakula nilikata maji yaliposhuka chini ya nyuzi 10. Umeme ulipokatika usiku, niliweka sufuria ya maji moto juu ya barafu mpaka ikatoboka. Nyundo hapana kabisa, mshindo unawashtua.