Udongo laini usio na hata kokoto, tambarare, lakini maji yanakwama chini: nianzie wapi?

ShambaTambarare

Wakuu, salaam.

Nimechukua shamba la ekari nne, tambarare kabisa, na udongo wake unanichanganya. Ukiwa mkavu unapukutika kama unga na kuingia kwenye mistari ya vidole. Jembe linaingia bila taabu, na ndicho alichokuwa akilisifia aliyenipa.

Mvua zikishika ndipo kasheshe inapoanza. Juu panaonekana pamekauka baada ya siku mbili tatu, ukikanyaga unazama hadi kifundo. Mahindi yanaota vizuri, yakifika magotini yanaanza kuwa ya njano, majani ya chini kwanza. Ukiyang'oa, mizizi imetambaa pembeni badala ya kushuka. Mvua kubwa ikipiga mara tu baada ya kupanda, ardhi inafunga gamba na maharage yanashindwa kulitoboa. Lakini kiangazi kikianza, yale yaliyosalimika yanabaki ya kijani wakati ya jirani wa mlimani yameshanyauka. Sasa huu udongo ni mzuri au mbaya?

Nimechimba shimo la kina cha kiuno. Kina cha chepe moja cha juu ni kahawia iliyokolea, kisha kahawia iliyofifia. Kuanzia usawa wa goti kuna madoa ya kijivu yamechanganyika na ya rangi ya kutu, pamoja na vipunje vyeusi vigumu.

Mmoja kaniambia nimwage mchanga. Mwingine anasema nichimbe mifereji mirefu. Wa tatu kasema niachane na mahindi nilime mpunga. Nimsikilize nani?

Kibe

Mkuu, hapo una mfinyanzi. Unaozamisha mguu na kufunga gamba ni mfinyanzi tu. Mwaga mchanga, changanya na samadi, mambo yatakaa sawa.

MchimbaMashimo

Kibe, kwa heshima, hapana. Mfinyanzi mkavu haupukutiki vile. Unakuwa mabonge ambayo utayapiga kwa nyundo.

ShambaTambarare, kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuchimba mashimo kwenye mashamba ya watu kabla mifereji haijapangwa. Kwa hiyo maelezo ya shimo lako yananiambia mengi kuliko ya juu ya ardhi. Na hongera kwa kuchimba, wengi huandika hapa bila hata kushika chepe.

Ulicho nacho ni tope laini, wengine wanaita silti. Chembe zake zina upana wa kati ya milimita 0.05 na 0.002. Zikizidi hapo ni mchanga, zikipungua ni mfinyanzi. Hakikisha mwenyewe: chukua kiganja cha udongo, lowanisha, ukande, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Mfinyanzi hutoa utepe unaopita sentimita 5 kabla ya kukatika. Tope laini hukatika kabla ya sentimita 2.5, halikwaruzi kama mchanga wala haling'ang'anii vidole. Ukitaka picha zaidi, tikisa udongo na maji kwenye chupa ya kioo, utulize. Mchanga utatua ndani ya dakika moja hivi. Tope litaendelea kushuka kwa saa kadhaa. Mfinyanzi utabaki ukichafua maji hata kesho yake.

Ukubwa huo wa chembe ndio unaoeleza mambo yako karibu yote. Vitundu kati ya chembe ni vidogo kiasi cha kushikilia maji yasidondoke, lakini si vidogo kiasi cha kuyanyima mizizi. Tifutifu yenye tope jingi huweza kuhifadhi takriban milimita 200 za maji yanayofaa mmea katika kila mita moja ya kina. Mchanga mara nyingi haufikishi hata 100. Ndiyo maana kiangazini unamshinda jirani. Vitundu hivyohivyo pia huvuta maji kutoka chini kuyapandisha, basi usishangae juu pakiwa pakavu na mguu ukazama.

Gamba nalo linatokana na uhaba wa kitu cha kugandisha chembe. Mfinyanzi ni mchache na mboji ni chache, basi tone la mvua likipiga, vibonge vya juu vinasambaratika, chembe zinaziba vitundu, na jua linamalizia. Ukilainisha sana kitalu cha mbegu ndivyo unavyolialika. Acha vibonge vya ukubwa wa karanga na funika kwa matandazo.

Sasa rangi, ambayo ndiyo habari yenyewe. Kahawia na wekundu wa udongo hutokana na chuma kilichoshika kutu. Maji yakijaza vitundu vyote, mizizi na bakteria humaliza oksijeni. Bakteria wakikosa oksijeni hawalali. Wanageukia naitreti (naitrojeni ambayo mmea huinywa), kisha manganisi (madini ya jamii ya chuma), kisha chuma chenyewe. Chuma kikishafikiwa kinayeyuka na kuhama, na mahali kilipotoka panabaki kijivu. Maji yakishuka, hewa inaingia kupitia njia za mizizi ya zamani na nyufa, chuma kinashika kutu tena palepale. Chunguza madoa yako ya kutu kwa karibu, utakuta mengi yamezunguka vijitundu vyembamba kama vya mizizi. Vipunje vyeusi ni manganisi na chuma vilivyoganda pamoja.

Kijivu kitupu kingemaanisha maji hayaondoki. Kahawia tupu ingemaanisha hayakai. Mchanganyiko wako unasema yanakuja, yanakaa wiki kadhaa, yanaondoka. Wapimaji wa udongo Marekani wana madaraja saba ya upitishaji maji, kutoka unaokauka upesi mno hadi unaolowa daima. Lako naliweka la tano: si kinamasi, lakini maji yanakaa karibu na mizizi muda wa kutosha kuliumiza zao. Na tafadhali usiliite shamba baya. Kule Illinois kuna udongo uitwao Flanagan, tifutifu ya tope ya daraja hilihili, na ni miongoni mwa udongo wao wenye rutuba kubwa kwa mahindi. Wameutegea mabomba ya kutoa maji chini.

Njano ya majani ya chini: naitrojeni. Kumbuka nimesema bakteria wanaanza na naitreti. Wanaigeuza gesi, inapotea hewani, pamoja na hela ya mbolea yako. Mmea ukikosa huiondoa kwenye majani ya zamani kulisha machanga. Usiweke mbolea yote wakati wa kupanda. Weka kidogo, nyingine ongeza mahindi yakiwa yamesimama na udongo hauna maji ya ziada.

Mchanga sahau. Ekari moja kwa kina cha sentimita 20 ni zaidi ya tani 1,000 za udongo. Kubadili hapo hata sehemu moja ya tano unahitaji malori na malori, na maji yenyewe yanakaa usawa wa goti, chini ya huo mchanga wako.

Kuhusu mifereji, usichimbe bado. Kuna swali moja halijajibiwa: maji yanapanda kutoka chini, au yananing'inia juu ya tabaka linaloyazuia? Shimo moja haliwezi kukwambia. Weka mabomba mawili yaliyotobolewa sehemu ya chini tu, moja la kina cha sentimita 40 na jingine sentimita 120, umbali wa hatua mbili tatu. Ziba vizuri pembeni kwa udongo ulioshindiliwa ili maji ya juu yasiteremke kando ya bomba. Mvua zikija, pima yote mawili. Pia rangi hudumu. Shamba lililokwisha kaushwa zamani linaweza kuwa na madoa yaleyale, kwa hiyo maji ndani ya bomba ndiyo shahidi wa mwisho.

TrektaMoja

MchimbaMashimo kamaliza, mimi naongeza la juu tu kwa sababu ndiko ninakoishi. Nalima udongo wa aina hii na kinachouua kuliko mvua ni mwenye shamba asiye na subira. Unaona juu pakavu, unaingiza trekta, tairi zinashindilia tope bichi la chini, mwaka unaofuata una tabaka gumu la jembe pale kina cha kulimia kinapoishia. Hapo maji yana sababu ya pili ya kukaa.

Kabla ya kuingia shambani chimba hadi kina utakacholima, toa udongo, viringisha kijiti cha unene wa milimita 3. Kikiviringika vizuri bila kukatika, zima trekta urudi nyumbani. Kikikatikakatika, endelea. Na pitisha tairi njia zilezile kila mara, mistari michache iharibike kuliko shamba zima.

Mpunga? Maji yako yanaondoka, mpunga wa majaruba unataka yabaki. Huyo aliyekushauri anakupa kazi ya kupambana na udongo kutoka upande wa pili.

Kibe

Haya, mchanga nimeuacha. Na vile vihandaki vya chini kwa chini vinavyotobolewa na trekta bila bomba? Nimeona vinafanya kazi vizuri na ni rahisi.

MchimbaMashimo

Vinafanya kazi kwenye mfinyanzi, Kibe. Mfinyanzi hushika umbo la tundu, na kwa kawaida unatakiwa uwe asilimia 30 ya udongo au zaidi pale tundu linapopita. Tope laini likilowa linabomoka na tundu linajifunga. Hata mabomba halisi hapa yanahitaji kuvishwa kichujio, la sivyo chembe hizi zinaingia na kutua ndani. Na kingo za mfereji wa wazi ziwe na mteremko mpole. Ukizisimamisha wima zitaporomoka mvua ya kwanza. Katika udongo wote hakuna unaobebwa na maji kirahisi kuliko huu.

ShambaTambarare

Nimerudi wakuu, mvua zimeshika na mabomba yamekaa.

Lile fupi lina maji, yamesimama kama sentimita 30 kutoka juu. Lile refu ni kavu! Sikuamini, nikachimba shimo jipya pembeni. Maji yanachuruzika kutoka ukutani hadi kina cha sentimita 60 hivi, kisha kuna tabaka ambalo chepe linagoma. Chini yake udongo una unyevunyevu tu. Hilo tabaka halinati. Nikibinya bonge lake likiwa na unyevu halibonyei, linavunjika ghafla. Lina nyufa za kijivu zinazoshuka wima, na mizizi michache iliyopo imepita humo tu.

TrektaMoja, hilo ndilo tabaka la jembe? Nikodi chuma kirefu cha kupasua?

TrektaMoja

La jembe huwa juu zaidi, pale jembe linapofika. Sentimita 60 hakuna jembe lako lililofika. Namwachia mwenye mashimo.

MchimbaMashimo

Umefanya kazi safi. Maji yako yananing'inia. Chukua bonge la lile tabaka, likaushe kabisa, kisha lizamishe kwenye glasi ya maji. Likimong'onyoka, halijaungwa kwa chokaa wala chuma, ni tabaka la asili la tope lililoshikamana kwa kubanana. Linapatikana sana kwenye udongo wa tope wa zamani, hasa ule ulioletwa na upepo.

Usikodi chuma cha kupasua. Kwenye tabaka la jembe kingesaidia kama udongo ni mkavu. Kwenye hili, chembe zilizopasuliwa zikilowa zinatulia tena na kujibana, na wewe umeshalipa. Mabomba ya kina cha mita moja nayo yangekuwa chini ya tabaka, wakati maji yamekwama juu yake.

Dawa ni ya juu. Inua matuta mapana, ya mita kadhaa kila moja na mgongo wa mviringo, ili mizizi ipate sentimita 15 hadi 20 za ziada juu ya maji. Kati ya matuta acha mikondo mifupi inayomwaga kwenye mfereji mmoja wa pembezoni, mpana na uliooteshwa nyasi. Sawazisha visahani vyote shambani, yaani vibonde vidogo vinavyotuamisha maji, kwa sababu kila kisahani kinalisha maji pale chini. Ukiweza, baada ya kuvuna otesha kitu chenye mizizi mingi badala ya kuacha wazi. Kitakunywa maji na kukujengea mboji.

ShambaTambarare

Bonge limemong'onyoka kabla sijamaliza kunywa chai. Swali la mwisho: shamba naliona tambarare tu, matuta nayaelekeza wapi?

MchimbaMashimo

Macho yanadanganya kwenye tambarare. Tumia mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji ndani, ujaze maji usiwe na hewa, ncha moja kona hii na nyingine kona ile, ulinganishe usawa kwenye vijiti. Ukipata tofauti ya sentimita 20 kwa mita 100, inakutosha kabisa: elekeza mikondo huko. Ikizidi sana, yapindishe matuta kidogo yasishuke moja kwa moja, maana maji yakipata kasi yatabeba huo udongo wa juu. Pima kabla hujamwita mtu wa trekta, na usubiri kijiti cha milimita 3 kikatike.