Pomboo akirudishwa baharini mbona arudi tena ufuoni?

kibokoni_boy
Wadau asalaam aleikum. Jana alasiri maji yakipwa pale Shanzu tulimkuta pomboo amekwama mchangani, mzima kabisa, apumua kwa kile kitundu cha utosini, vijana wakamshika mkia wakamburura mpaka majini watu wakapiga makofi, hazikupita hata dakika nyingi huyooo karudi palepale. Wakamtoa tena, karudi tena, mwisho akafa. Mzee mmoja akasema kiumbe kikijileta chenyewe msikizuie, ajali yake imefika. Sawa, lakini hawa si ndo waijua bahari kutushinda sisi? Nini chawaleta nchi kavu?

nahodha_mtwapa
Meli za vita hizo na sona zao, ile mitambo ya kupigia sauti chini ya maji. Basi.

bi_tudor
Yakhe nahodha usilaumu meli kwa kila kitu. Akija mmoja peke yake hivyo mara nyingi ni mgonjwa, au mzee, au ameponea kwenye jarife la wavuvi na majeraha yake, au amegongwa na boti. Pomboo si samaki, avuta hewa kama mimi na wewe, sasa akiishiwa nguvu za kupanda juu kupumua atazama afe maji, ndo akaja kwenye maji ya kiunoni apate pa kuegemea. Mkimsukuma ndani mwamrudisha kulekule alikokukimbia, kwa nini asirudi?

Na huo mkia jamani!! Mkia haushikwi, uti wa mgongo wateguka. Akilala mchangani kitambo misuli yakaza, ukimwachilia ghafla apinduka ubavu kama mlevi, kwa hiyo hata akiwa mzima watu huingia naye majini wakamshikilia wima mpaka ajiweke sawa mwenyewe. Kabla ya hapo mummwagie maji, mumfunike shuka mbichi lakini kile kitundu kiwe wazi, kwa sababu lile tabaka la mafuta chini ya ngozi lamchemsha, na ule uzito ambao baharini hauhisi sasa wote walalia mapafu. Halafu mtu apige simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hao wana daktari wa wanyama.

kibokoni_boy
Shukran sana bi tudor, hiyo ya mkia hakuna aliyejua pale. Na wanaokuja mamia je?

bi_tudor
Hao ni mambo mengine. Wale nyangumi weusi wa makundi hawaachani, akipotea kiongozi au akiugua mmoja wote wamfuata. New Zealand pale Farewell Spit walikwama zaidi ya 400 Februari 2017. Pwani ile ni mchanga mtupu unaoteremka pole pole sana, na hawa husikiliza mwangwi wa sauti zao kujua mbele kuna nini, mchanga kama huo haurudishi mwangwi vizuri. Wakija kushtuka maji yashapwa. Wewe wazijua bamvua zetu, maji yajaapo sana na kupwa sana, hebu fikiria uko ndani ya mlango wa mto saa hiyo.

nahodha_mtwapa
Na kule Nungwi, Unguja, 2006 mwasemaje? Pomboo kama 400 walikufa siku moja, Aprili, tumboni hamna chakula cha maana na sumu haikuonekana.

mvuvi_wa_likoni
Nungwi watu walitaja sona ya Wamarekani lakini haikuthibitishwa mpaka leo. Nahodha hajakosea sana lakini, Bahamas mwaka 2000 nyangumi walikwama na wanamaji wa Marekani wenyewe walikubali sona yao ilichangia. Uhispania nayo ikapiga marufuku sona kuzunguka visiwa vya Canary 2004 baada ya nyangumi kufa kule. Na Madagascar 2008 haikuwa hata manowari, ilikuwa meli ya kupima sakafu ya bahari kwa chombo cha sauti, kwa kazi ya mafuta, kama nyangumi mia wakaingia kwenye ghuba wakashindwa kutoka, wataalamu wakatoa ripoti 2013 kwamba kile chombo cha sauti ndicho kilichoelekea zaidi kuwaingiza mle. Ila kwa huyo mmoja wa Shanzu mi nipo na bi tudor, kumtafutia manowari ni kujisumbua bure. Alikuwa na alama za nyavu?

kibokoni_boy
Kwenye pezi kulikuwa na mkato mwembamba kuzunguka, kama wa kamba. Halafu kuna jamaa wameshaanza kuulizia mafuta yake na nyama.

mvuvi_wa_likoni
Basi ni jarife hilo. Na hao waambie waache, ni mnyama wa porini huyo kisheria, wakishikwa naye watalala ndani, na mzoga usiojua umeugua nini waula kwa nini? Hata KWS huja kumpasua wajue kilichomuua, kwa hiyo asikatwe.