Mawakala wa vyuo vya India, hili la ajira mbona mnalificha?

Wakuu, leo sitazunguka mbuyu. Niko Bengaluru, mwaka wa nne, sayansi ya kompyuta. Wiki iliyopita kampuni tatu zilikuja chuoni kusaili watu wa mwaka wa mwisho. Nikaamka alfajiri, nikapiga pasi shati, nikaazima tai kwa jamaa wa chumba cha pili. Kufika mlangoni, mtu wa ofisi ya ajira ya chuo akatazama kitambulisho, akatazama karatasi yake, akanirudishia. Wageni hawamo. Nyuma yangu alikuwepo dogo niliyemfundisha mimi lugha ya programu ya C mwaka wa kwanza. Yeye akaingia, mimi nikarudi bweni na tai ya watu.

Nikamfuata mkuu wa ofisi ile, na angalau yeye alinieleza. Mgeni akitaka viza ya kazi India, sheria inataka mshahara usiopungua rupia 1,625,000 kwa mwaka. Wao wanasema laki 16.25, laki ileile yetu. Sasa hizi kampuni kubwa zinazobeba vijana kwa mkupuo, anayeanza hupewa laki tatu na nusu hivi, nne akibahatika. Piga hesabu mwenyewe. Nani atakulipa mara nne ya mwenzako uliyekaa naye dawati moja, eti kwa sababu umetoka Bongo?

Viza ya mwanafunzi nayo hairuhusu kibarua. Wenzetu walioko Uingereza wana masaa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, Ujerumani siku 140 kwa mwaka. Sisi bumu letu ni mzee akikumbuka kutuma.

Sina ugomvi na sheria ya watu, nchi ni yao. Ugomvi wangu ni na wakala aliyetukalisha ofisini kwake Dar, kiyoyozi kikipuliza, akamwambia mzee wangu: "Bengaluru ndiko makao makuu ya Infosys na Wipro, kampuni kubwa za kompyuta, huyu kijana hatatembea na bahasha." Mzee akauza kiwanja cha Kibaha. Kipeperushi alichotuonyesha kina asilimia ya wanaopata kazi, imeandikwa kwa herufi kubwa kama bei ya kuku, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba hesabu hiyo ni ya wenyeji peke yao. Mtu amepeleka vijana miaka nenda rudi, utaniambia hakujua?

Na chuo chenyewe siyo hewa, msije mkaniambia sikuuliza. Kinatambulika, na cheti cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu ya kwetu, cha kutokuwa na pingamizi nilichukua kabla ya kupanda ndege. Ila ada yangu inahesabiwa kwa dola, mwenyeji analipa kwa rupia, na yake haifiki nusu ya yangu. Ukichelewesha hiyo dola, barua ya kuthibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi hupewi, na bila barua uhamiaji hawakuongezei ukaazi. Wamekushika pabaya.

Halafu kwa dola hizo unafundishwa nini? Mwaka wa kwanza mzima programu ya kuandikia msimbo tuliyotumia ni Turbo C++. Kitu cha 1990, skrini ya bluu, kabla sijazaliwa. Kila programu unayoandika maabara unainakili kwa kalamu kwenye daftari gumu, ukurasa wa kulia msimbo, wa kushoto majibu yake, mchoro wa hatua kwa penseli na rula. Daftari lisiposainiwa hufanyi mtihani wa vitendo. Niliwahi kurudishiwa daftari zima kwa sababu nimetumia wino mweusi badala ya bluu. Kompyuta ipo hapo mezani inanitazama! Nilichokijua cha maana nimejifunza usiku kwenye simu, kwa bando, na hilo ningelifanya hata nikiwa Mbagala kwa mama mdogo.

(Kuna mhadhiri mmoja wa mifumo endeshi, mama mmoja mpole, huyo simtii kwenye kapu hili. Akiona sura zetu zimepotea anaacha Kikannada, lugha ya wenyeji wa huku, na kurudia yote kwa Kiingereza.)

Kilichonifanya niandike usiku huu ni simu ya jana. Wakala huyohuyo. Hajanitafuta tangu aniache uwanja wa ndege, jana ananiita "mwanangu", anataka nirekodi video ya dakika mbili, nimevaa joho, niwaambie wa kidato cha sita jinsi Bengaluru ilivyonifungulia milango. Atanitumia laki moja. Ya kwetu, siyo ya rupia.

Nikamjibu video nitarekodi, ila nitaanza na rupia 1,625,000. Akakata. Nimempigia tena asubuhi, nimeshawekewa bloku.

Aliyemaliza India akapata kazi hukohuko na viza halali, aje aseme alipitia wapi. Nina miezi minne tu.