Nimeulizwa "hii tafiti itatoa mashine gani?" Wakuu, nishikeni

Naandika nikiwa kwenye mwendokasi, nimebanwa kwapani mwa mtu, ila hii hasira haisubiri nifike Kimara.

Ile ofisi ya kuomba hela za utafiti mnaijua. Na yule bwana mnamjua, wa koti la suti hata jua la Februari, msinitajishe.

Miezi mitano nahangaika na andiko la uzamili. Machinga walioondolewa barabarani Dar mwaka 2021: walienda wapi, nani alibaki na mtaji. Naomba milioni nne tu, nauli na madodoso. Naingia kwenye usaili, nimepiga pasi shati la kuazima. Bwana anafunua ukurasa mmoja, anafunga. "Hii tafiti yako itatoa mashine gani?"

MASHINE. GANI.

Nikamwambia mheshimiwa, hii ni sosholojia. "Sawa, lakini mwisho wa siku tutashika nini?" Wenzake wakacheka huku wanatafuna sambusa. Sambusa zile zingenitosha wiki nzima Kariakoo!

Viongozi wa Afrika walikubaliana asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Haijafika, na hicho kidogo kilichopo kinaulizwa mashine. Samia Skolashipu ni ya watoto wa sayansi. Siwaonei wivu (nawaonea). Sisi tunaambiwa tukaombe CODESRIA, lile baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika. Dakar! Machinga wa Kariakoo nimwombee nauli Senegali?

Mashine gani, jamani.

Kinyozi Msomi: Ungejibu ya kusaga na kukoboa. Saa hizi ungekuwa unasaini hundi.

Bibi Takwimu: Nimecheka mpaka bosi kageuka. Ila na wewe, shati la kuazima unaendea hela? Walikuona njaa.

Mtoa mada: Shati limeingiaje? MASHINE GANI!

PCM Damu: Nyie HGL, watu wa historia, jiografia na lugha, mnataka mlipwe kuhoji watu wanaishije. Si muwaulize bure. Hela iende maabara.

Kinyozi Msomi: Maabara ipi, ile ya darubini ya enzi za Mwinyi? Mnaangalizia kwa zamu.

Sura ya Pili: Afadhali wewe umeulizwa swali. Msimamizi wangu kakalia sura yangu ya pili miezi minane. Nikipiga, "niko barabarani." Barabara gani hiyo haifiki?

Kinyozi Msomi: Siyo yule anayeuza mayai?

Sura ya Pili: Huyohuyo! Nimenunua trei tatu nikidhani atalainika. Kaniuliza kama nataka na ya nne.

Mtoa mada: Huyo wako angalau anauza kitu. Wangu anataka mashine...

Mlipa Deni: Someni tu. Mie nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kwa mkopo wa digrii ya kwanza, na hiyo digrii nimeitundika stoo.

PCM Damu: Trei shilingi ngapi?

Sura ya Pili: 9,500.

PCM Damu: Makubwa?

Mtoa mada: Wakuu, uzi wangu!

Bibi Takwimu: Kausha kidogo, chifu. Ya kienyeji je, anayo?