Duka la samaki Kisumu liliniuzia hita nisiyoihitaji, likaninyima vali ya shilingi mia. Samaki watano wamekufa

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Usiku wa kuamkia Jumapili sebule yangu hapa Migosi ilijaa maji ya tangi la samaki. Ekstensheni ikalowa. Binti yangu wa gredi ya tatu alitoka chumbani miguu mitupu akielekea kwenye maji yale, na nilimdaka mkono akiwa amebakisha hatua mbili. Samaki wa dhahabu watano kati ya saba wamekufa. Yote kwa kukosa hiyo vali, kijiplastiki kisichozidi pingili ya kidole, na aliyeniuzia alijua fika kwamba kinahitajika.

Mwezi jana niliingia duka moja la samaki wa mapambo mjini. Jina silitaji kwa sababu bado nadai haki yangu pale. Nilimwambia kijana aliyenihudumia: mimi ni mgeni wa mambo haya, sijawahi kufuga samaki, nipe kila kinachotakiwa ili nisianze kurudi rudi. Akanijibu, "Usijali mzee wangu, seti kamili ni elfu kumi na nne na mia tano." Nikalipa kwa simu, nikaita tuktuk, tangi nikalipakata mpaka nyumbani dereva akikwepa mashimo.

Seti kamili ilikuwa hii: tangi, taa ya rangi zinazobadilika, hita ya kupasha maji ya wati 300, filta ya kutumbukiza majini, pampu ya hewa na mpira wake, kokoto za buluu, na sanduku la hazina la plastiki ambalo hufunguka na kutoa mapovu. Na samaki saba siku hiyo hiyo, kwenye maji ya mfereji yaliyotoka kumiminwa. Dawa ya kuondoa klorini haikuwemo. Hakuniambia kwamba tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitriti kisha naitrati isiyo na sumu kali, na kwamba bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Hayo nimeyasoma mwenyewe baadaye, usiku, nikiwa nimeshachelewa.

Tangi aliliita la lita 100. Nimelipima kwa tepu ya fundi: sentimita 60 kwa 30 kwa 40. Zidisha mwenyewe, ni lita 72, tena ukilijaza mpaka ukingoni. Filta imeandikwa kwenye boksi kwamba inasukuma lita 600 kwa saa. Nilikinga jagi la lita moja kwenye mdomo wake, simu ikihesabu. Lilijaa kwa sekunde 18. Hiyo ni lita 200 kwa saa. Wafugaji wazoefu wanasema maji yote ya tangi yapite kwenye filta walau mara nne kwa saa, kwa hiyo langu linataka karibu lita 290, na samaki wa dhahabu huchafua maji kuliko wengine wengi. Saba ndani ya lita 72 ni msongamano. Samaki hao wakitunzwa vizuri hufika sentimita 20 na zaidi. Alijua, akanihesabia saba.

Lakini hita ndiyo inayonichoma moyo. Samaki wa dhahabu ni samaki wa maji ya baridi. Nyuzi 18 hadi 22 zinawatosha kabisa. Hapa Kisumu maji yakikaa tu ndani ya nyumba hufika nyuzi 25 bila kupashwa na chochote. Dada yangu anaishi Nakuru, kule juu mita 1,850 hivi, na asubuhi ya Julai maji yake huwa baridi kweli. Yeye akifuga samaki wa maji ya joto, nitamwambia anunue hita. Hata yeye asingehitaji wati 300 kwa tangi hili, kwa sababu kipimo cha kawaida ni kama wati moja kwa kila lita. Mtu anamuuziaje mkaazi wa Kisumu hita ya samaki wa dhahabu, tena yenye nguvu mara nne?

Sasa sikilizeni usiku wenyewe. Pampu ya hewa niliiweka kwenye rafu ya kabati, chini ya tangi, kama alivyonionyesha kwenye picha ya simu yake. Mpira unatoka kwenye pampu, unapanda mpaka ukingo wa tangi, unashuka ndani hadi kwenye lile sanduku la hazina. Stima ikiwepo, hewa inayazuia maji yasiingie mpirani. Stima ilipotea kama saa tano usiku, jambo ambalo hapa kwetu si habari. Hewa ikakatika, maji yakaingia mpirani, na kwa kuwa tangi lilikuwa limejaa karibu na ukingo, yakavuka ile kona ya juu. Yakishavuka hayasimami. Ni kama mtu anayenyonya petroli kwa mpira kutoka tangi la gari: ikishaanza kushuka inajivuta yenyewe. Maji yakapita kwenye pampu, yakamwagika kabatini, yakaifuata ekstensheni sakafuni.

Kabla ya alfajiri stima ikarudi. Filta ikaanza kunguruma kwa kukosa maji, na ngurumo hiyo ndiyo iliyomwamsha mtoto. Nilipomrudisha chumbani nilikimbilia swichi kuu nikaizima, kisha nikamulika tangi kwa simu. Maji yalibaki kina cha vidole vinne. Hita ilikuwa imesimama nusu nje, kioo kimepasuka juu, ncha yake ya chini bado majini. Nilitia kidole. Yale maji yalikuwa ya moto kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Samaki walikuwa wamelala ubavu, mmoja amebanwa nyuma ya sanduku, mdomo unafunguka na kufunga. Huyo na mwenzake ndio niliowahi.

Jumatatu nikaenda dukani na pampu iliyolowa mkononi. Jibu la kwanza la yule kijana: "Hiyo ni shida ya stima, nenda kwa watu wa stima." Nikamweleza maji yalivyopita. Akavuta droo, akatoa vali ya njia moja, ile inayopitisha hewa kwenda kwenye tangi na kuyazuia maji kurudi. Droo ilikuwa imejaa! Akasema, "Ungeuliza ningekupa." Ningeulizaje kitu nisichojua kama kipo? Niliomba kila kinachotakiwa, hilo ndilo neno nililotumia. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua, na haki ya kulindwa afya na usalama wake.

Wapo walioniambia ziwa liko pale Dunga, samaki wa ndani ya nyumba wa nini. Binti yangu alianza kuuliza habari za fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, kwa sababu ya tangi hili. Ziwa letu lilikuwa na mamia ya aina za fulu kabla mbuta (sangara), samaki mkubwa anayewala, hajaletwa miaka ya 1950 na 1960, na baadhi ya aina hizo leo zinafugwa kwenye matangi Ulaya na Marekani. Mtoto wa Kisumu ana haki ya kujifunza kufuga samaki bila kuhatarisha maisha yake.

Kama unajiandaa kununua, chomeka vali kwenye mpira wa hewa, mshale uelekee majini, au weka pampu juu kuliko maji. Waya wa kila kifaa uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likiufuata lianguke sakafuni. Taa ya rangi na sanduku la hazina acha dukani. Pesa hizo nunua filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, na pampu ya pili ya betri ya kutumia stima ikipotea. Sponji ioshe kwa maji ya tangi lenyewe, kwa sababu klorini ya mfereji huwaua wale bakteria.

Nataka nirudishiwe pesa za hita na za samaki watano. Ijumaa narudi pale na risiti, picha za sebule na hita iliyopasuka. Mwingine aliyeuziwa seti kama hii bila vali aandike hapa chini, twende pamoja.

Wale wawili wako kwenye beseni mezani jikoni. Vali nimenunua duka jingine, shilingi 100, na pampu mpya nimeiweka juu ya friji.